SOKO NA MLAJI: Kuponi haipo Gerezani, lakini punguzo lipo

Msomaji anayetoka Gerezani, akavuka Mtaa wa Msimbazi na kuingia Kariakoo huku akiuliza kuponi ya unga au ya sukari, atajibiwa kwa swali: kuponi ya nini? Wenye maduka wa huku wanaijua vocha ya simu, wanaijua risiti ya mashine, na wanaijua sana mali kauli. Karatasi ya kukatwa gazetini, ambayo mteja huiweka juu ya kaunta na kupunguziwa bei, hawana habari nayo.

Hata hivyo punguzo lenyewe lipo, na mara nyingi ni kubwa kuliko lile ambalo karatasi hiyo ingeleta. Tatizo ni kwamba halikuandikwa popote, na mlaji wa kipato kidogo ndiye wa mwisho kulifikia. Wiki hii ukurasa huu unaeleza kuponi inavyofanya kazi, kwa nini imeshindwa kuota mizizi katika maduka yetu, na mahali ambapo mwenye kapu anaweza kulipata punguzo lake.

Kwanza tutofautishe vitu viwili ambavyo huitwa kwa jina moja. Ipo kuponi ya mgawo na ipo kuponi ya punguzo. Ya mgawo haipunguzi bei; inampa mtu ruhusa ya kununua kiasi fulani, basi. Uingereza waliitumia kwa chakula kuanzia mwaka 1940 hadi 1954 kwa sababu ya vita. Kwetu, wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, pale sukari, sabuni na khanga zilipokuwa bidhaa adimu, na foleni kwenye maduka ya ushirika ikianza kabla ya alfajiri. Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, rafu zilianza kujaa tena. Aliyeishi miaka ile akisikia neno kuponi hafikirii unafuu hata kidogo. Anafikiria foleni.

Kuponi ya punguzo ni mtoto wa soko lililojaa bidhaa. Huko Marekani, Coca-Cola walianza kugawa karatasi za kunywa glasi moja bure mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati kinywaji chao kilikuwa bado kigeni midomoni mwa watu. Shabaha haikuwa huruma. Mwenye kiwanda alitaka mtu aonje, apende, na mara ya pili alipe mwenyewe. Ni gharama ya matangazo iliyogeuzwa ikawa karatasi.

<b>Hati Punguzo: somo tulilolipata wenyewe</b>

Wapo wanaosema kuponi haiwezekani Tanzania kwa sababu watu hawajaizoea. Hoja hiyo haina nguvu. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2014 nchi hii iliendesha mpango mkubwa wa kuponi, na hata jina la Kiswahili ulikuwa nalo: Hati Punguzo. Mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo katika duka la kawaida, akaitoa pamoja na fedha kidogo za kuongezea, akarudi nyumbani na chandarua. Baadaye wazazi wa watoto wachanga nao waliingizwa.

Utaratibu ule unafaa kutazamwa kwa jicho la biashara. Mwenye duka alipopokea hati alikuwa ametoa chandarua na kupata karatasi. Karatasi hiyo aliipeleka kwa msambazaji, ikawa sehemu ya malipo ya vyandarua vipya. Msambazaji naye aliipeleka mbele, hadi ikafika kwa aliyeshika fedha za mpango, ndipo ikageuka fedha. Kwa maneno mengine hati ilikuwa deni linalotembea, na kila aliyeipokea alikuwa amekubali kumkopesha wa juu yake.

Mwanzoni hati ilikuwa na thamani maalumu, na tofauti ya bei ilimwangukia mama. Hapo ndipo maskini alipokwama, kwani hati mkononi bila nyongeza mfukoni haikumpa chandarua. Kuanzia mwaka 2009 nyongeza iliwekwa kuwa sh. 500 tu kwa kila mama. Ukitaka kujua kama kuponi inamfaa mwananchi, usiulize inapunguza kiasi gani. Uliza anabakiwa na kiasi gani cha kulipa, na anatakiwa kukitoa chote kwa mkupuo au kidogo kidogo.

Vocha za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09 na kuendelea hadi 2013/14, ziliongeza somo jingine. Mkulima alilipiwa takribani nusu ya bei ya mbolea na mbegu za ekari moja. Lakini kuna waliokosa ile nusu nyingine, wakamwachia wakala vocha yao kwa fedha kidogo. Karatasi yenye thamani ya fedha huwa na tabia hiyo. Huhama kutoka kwa mwenye shida ya leo kwenda kwa mwenye uwezo wa kungoja.

<b>Kwa nini Mangi hakubali karatasi</b>

Tukirudi mtaani, tuchukue duka dogo la rejareja lenye mtaji wa sh. 600,000, linalouza na kujaza bidhaa mara moja kwa wiki, na faida yake ghafi ni senti tano kwa kila shilingi inayozunguka. Takwimu hizi ni za kukokotolea tu, lakini mwenye duka yeyote atauona uso wake ndani yake.

Tuseme kiwanda cha unga kimetoa kuponi za sh. 200 na duka limepokea 300. Hizo ni sh. 60,000 zilizotoka katika mzunguko. Kama kiwanda kitachukua wiki 8 kurudisha fedha, duka limefanya kazi wiki 8 likiwa limepungukiwa na sehemu moja ya kumi ya mtaji. Faida iliyopotea ni sh. 3,000 kwa wiki, yaani sh. 24,000 kwa wiki zote 8. Gawanya kwa kuponi 300, unapata sh. 80 kwa kila karatasi. Mteja amefurahi kwa sh. 200, na Mangi amelipia sh. 80 ya furaha hiyo bila kuulizwa. Hatujahesabu nauli ya kufuatilia, wala karatasi zitakazokataliwa kwa sababu muda wake umepita au zimelowa mafuta ya taa.

Marekani walilijua hilo mapema, ndiyo maana viwanda vya huko huwalipa wenye maduka ada ya ziada, ambayo kwa miaka mingi imekuwa senti 8 za dola kwa kila kuponi, mbali na thamani ya kuponi yenyewe. Zaidi ya hapo, vipo vituo vinavyopokea karatasi hizo kwa magunia na kuzihesabu. Kwetu hakuna kituo wala ada. Kumlaumu Mangi kwamba hapendi maendeleo ni kumwonea.

<b>Punguzo limekaa upande wa jumla</b>

Viwanda na waagizaji wetu hawajaacha kutoa punguzo, ila wanalitoa mlango mwingine. Wanampa mwenye duka la jumla na yule wa rejareja: chukua katoni kadhaa, upate moja ya nyongeza, lipa taslimu, upunguziwe, maliza mzigo kabla ya mwisho wa mwezi, upate bonasi. Katoni ile ya nyongeza ndiyo kuponi ya Kariakoo. Swali ni nani anaila. Ushindani ukiwa mkali kati ya maduka yanayotazamana mtaa mmoja, sehemu yake hushuka hadi kwa mlaji kwa njia ya bei. Duka likiwa peke yake uchochoroni, inabaki kwenye droo ya mwenye duka, na hakuna sheria inayomlazimisha kuitoa.

Ndiyo sababu mkazi wa Gerezani, ambaye Kariakoo ni mwendo wa miguu, ana bahati ambayo wa Mbagala au Gongo la Mboto hana. Nauli ya daladala kwenda na kurudi humeza punguzo la bidhaa ndogo ndogo kabla hata hujaagana na kondakta. Lakini ukaribu huo hauna maana kama mlaji ananunua kwa kipimo.

Tufanye hesabu nyingine ya mfano, ya mafuta ya kupikia. Ndoo ya lita 20 kwa sh. 90,000 ni sawa na sh. 4,500 kwa lita. Dumu la lita 5 kwa sh. 25,000 ni sh. 5,000 kwa lita. Kipimo cha robo lita kwa sh. 1,400 ni sh. 5,600 kwa lita. Familia inayotumia robo kila siku hutumia lita saba na nusu kwa siku 30. Kwa kipimo italipa sh. 42,000, kwa bei ya ndoo ingelipa sh. 33,750. Tofauti ni sh. 8,250 kwa mwezi, kwa bidhaa moja tu. Sasa weka kuponi ya sh. 500 juu ya dumu la lita 5. Bei inashuka hadi sh. 4,900 kwa lita, bado iko juu ya ndoo, tena kuponi hiyo inamtaka mlaji awe na sh. 24,500 mkononi kwa siku moja. Mwenye sh. 1,400 haimhusu. Kuponi nyingi duniani zina kasoro hiyohiyo: huwekwa kwenye pakiti kubwa, na anayenunua pakiti kubwa si yule mwenye dhiki.

Wanawake wengi wa nyumba za kupanga wamelitatua hili bila semina yoyote. Wapangaji wanne wakichangishana sh. 22,500 kila mmoja, wananunua ndoo na kugawana lita tano tano. Kila mmoja amelipa pungufu ya sh. 2,000 kuliko mwenye kuponi. Gunia la mchele na kiroba cha sukari huenda kwa mtindo huohuo, na hela hupatikana kwenye upatu au kikoba. Yapo matatizo yake, hasa ya mizani. Ni heri kugawia dukani palepale, mbele ya muuzaji mwenye mzani uliogongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo, kuliko kupimiana kwa kikombe uani na kuharibu ujirani. Na msinunue zaidi ya mnachoweza kumaliza: unga ulioingia wadudu hauna bei ya jumla wala ya rejareja.

Kanuni ya kwanza basi ni kugawanya bei kwa uzito kabla ya kusifia ofa. Pakiti zenye maandishi makubwa ya BEI POA ziangalie gramu zake kwanza, maana iliyokuwa kilo inaweza kuwa gramu 900 na bei ikabaki ileile. Kanuni ya pili ni kuuliza bei maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Huku kwetu bei ya kwanza ni salamu tu, na ukishapata punguzo la fedha omba nyongeza ya mzigo. Yule anayekuita "dada yangu" au "mzee wangu" amekwisha kuacha nafasi ya kupunguza.

<b>Pointi, vifuniko na ujumbe wa simu</b>

Maduka makubwa ya kujihudumia yalituletea kadi za pointi. Kadi si kuponi, ila ni ndugu yake: unanunua leo, punguzo unalipata kesho. Hapo mlaji ndiye mkopeshaji, na mkopeshaji yeyote anatakiwa kuuliza hali ya mdaiwa wake. Shoprite ya Afrika Kusini iliachia maduka yake ya hapa kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga yake mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe, iliyojulikana kwa kadi yake ya pointi, ikaporomoka kuanzia mwaka 2017. Duka likianguka, mwenye pointi hana mahali pa kudai kabla ya benki na wasambazaji. Pointi zitumie zikingali changa.

Kuhusu vifuniko vya soda na droo za zawadi, hizo ni bahati nasibu, na kimsingi huendeshwa kwa kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Zawadi ya soda nyingine chini ya kifuniko ni punguzo halali, lakini usiipangie bajeti.

Jihadhari zaidi na vocha za manunuzi zinazokuja kwa simu zikidai umeshinda kapu la chakula, utume kwanza ada ndogo ya kulifungua. Kuponi ya kweli humpunguzia mnunuzi; haimdai chochote kabla hajafika dukani. Ujumbe wa namna hiyo, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa ajili hiyo. Kwa duka lililobandika punguzo kisha likatoza bei ya zamani kwenye kaunta, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bei, na Tume ya Ushindani ndiyo ya kupelekewa. Itakuuliza ushahidi, kwa hiyo piga picha ya bango, dai risiti ya mashine na uhakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho ulichotoa.