Umri wa Mbu na Mgawanyo wa Bajeti: Hisabati katika Udhibiti wa Malaria

Wilaya yenye fedha chache hulazimika kuchagua: iangamize viluwiluwi madimbwini, au iwakabili mbu wapevu ndani ya nyumba? Uamuzi huu hugusa uhai wa watoto na wajawazito, hivyo haufai kuachiwa mazoea pekee. Modeli ya kihisabati hueleza mwenendo wa ugonjwa kwa namba, ili matokeo ya uamuzi yapimwe kabla fedha hazijatumika.

Miongoni mwa waanzilishi wa njia hii ni Ronald Ross, tabibu wa Uingereza ambaye mwaka 1897, akiwa India, aliona vimelea vya malaria vikikua ndani ya mbu. Baadaye alionesha kwa hesabu kwamba si lazima kuwamaliza mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, maambukizi hufifia. Katika miaka ya 1950, George Macdonald alitilia mkazo jambo jingine: umri wa mbu.

Mbu aliyefyonza damu yenye vimelea hawezi kuambukiza siku hiyo hiyo. Vimelea huhitaji takriban siku 10, au zaidi penye baridi, ili kukomaa mwilini mwake. Tuchukue mfano wa mbu 100 waliopata vimelea. Ikiwa asilimia 90 yao huvuka salama kila siku, baada ya siku 10 watasalia 35 hivi. Tukiharibu mazalia hata mbu hao wakawa 50, watasalia 17. Lakini tukiwaacha wakiwa 100, kisha tukashusha wanaovuka salama kutoka asilimia 90 hadi 80 kwa siku, watasalia 11 tu. Tena kila mmoja atatarajiwa kuishi siku 4 zaidi, badala ya 9.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya chandarua chenye dawa na upuliziaji wa dawa ukoko: hatari ndogo hujirudia kila siku, na athari yake huongezeka.

Hata hivyo, jibu la modeli hutegemea ubora wa takwimu zilizoingizwa. Mradi wa Pare-Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, ulipulizia nyumba dawa ya dieldrin katika miaka hiyo ya 1950. Malaria ilipungua sana, lakini maambukizi hayakukatika. Baadhi ya mbu huuma na kupumzika nje, na siku hizi wengi wana usugu dhidi ya viuatilifu. Mahali kama hapo, 90 haishuki kirahisi hadi 80. Kuangamiza viluwiluwi, pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na rahisi kupatikana, huweza basi kuwa nyongeza yenye thamani.

Kwa hiyo, mpangaji wa bajeti aanze na maswali matatu. Mbu wa eneo lake huuma wapi na saa ngapi? Je, dawa iliyopo bado inawaua? Je, mazalia yao yanahesabika? Majibu hayo hupatikana kwa kukamata mbu na kuwapima, na kwa rejesta za zahanati zilizojazwa kwa uaminifu. Pasipo hayo, hesabu iliyo sahihi huweza kumwongoza mtu kwenye uamuzi usiofaa.