Ulimi Nao Hufundishwa

Afya ya kinywa ikitajwa, fikira zetu huenda kwenye mswaki na sukari, na ulimi husahaulika. Ulimi ni misuli, na una mahali pake pa kutulia: ncha nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, mgongo wake umeegemea kaakaa, midomo imefungwa, pumzi ikipita puani. Aliyezoea kuachama huuacha ulimi ulale chini, na mate yake hukauka. Mate ndiyo huosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi inayotoboa meno. Yakipungua, kinywa hunuka na meno huoza upesi hata kwa anayepiga mswaki. Pua nayo huchuja hewa, huipasha joto na kuitia unyevu. Hapa Voi, ambako vumbi jekundu huwapaka rangi hata ndovu wa Tsavo, kazi hiyo ni kubwa.

Misuli iliyolegea hurudishiwa nguvu kwa mazoezi, na jambo hili limepimwa. Huko São Paulo, Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusu watu 31 ambao pumzi zao hukatika usingizini. Waliofanya mazoezi ya ulimi, koo na uso kwa miezi 3 walipungukiwa na tatizo hilo kwa takriban asilimia 39, na kukoroma kukapungua pia. Mwaka 2015, tafiti kadhaa zilipochambuliwa pamoja, punguzo kwa watu wazima lilikaribia nusu. Faida hiyo haiishii kitandani. Kukatika kwa pumzi huenda sambamba na shinikizo la damu, na dereva asiyelala vizuri ni hatari kwa kila anayesafiri kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi.

Wapo wanaosema mtoto ataacha kuachama akikua. Huenda, lakini taya na kaakaa hujengeka utotoni, na kungoja ni kupoteza wakati mwafaka. Wengine husema mazoezi hayanyooshi meno wala hayafungui pua iliyoziba. Ni kweli: mafindofindo yaliyovimba au mzio hutibiwa kwanza na daktari, meno yaliyopinda humhitaji daktari wa meno, na aliyepewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku asiiache. Mazoezi huisaidia tiba, hayachukui nafasi yake. Kukata kimeo nyumbani ndiko kusikokubalika kabisa, kwani huleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na hata kifo.

Anza na yaliyo karibu. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kwa maana kunyonya ni kazi ya kwanza ya ulimi na taya. Akikua, mpe vya kutafuna, kama mahindi ya kuchemsha na karoti, badala ya uji na vilivyopondwa kila siku. Mtu mzima na atelezeshe ncha ya ulimi kutoka nyuma ya meno ya juu kuelekea nyuma ya kaakaa mara 20, kisha aukandamize ulimi wote juu mara 20, kila siku bila kukosa. Usiku, sikiliza wanavyolala watu wa nyumbani mwako. Anayekoroma kila siku, anayekatika pumzi au anayelala mdomo wazi, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au mpeleke hospitalini Voi, Wesu au Taveta. Usingoje jino liume.