Kebo Imechomekwa, Spidi Haipo: Maswali na Majibu ya Marudio

Haya ni ya kujipima kwa anayesomea ufundi wa mitandao. Mpangilio wake si wa kitabu. Nimeyaweka kwa jinsi matatizo yanavyomkuta fundi nyumbani kwa mteja. Funika jibu kwanza.

Swali la 1. Mteja wa Mbezi analipia faiba ya Mbps 200. Laptopu iliyochomekwa kwa kebo inapima 94. Simu iliyo karibu na rauta, kwa Wai-Fai, inapima 190. Hitilafu iko wapi, na umeijuaje kabla hujagusa kitu? (alama 6)

Jibu. Iko kati ya rauta na laptopu. Simu imekwisha kuthibitisha kwamba spidi inayolipiwa inafika ndani ya nyumba na rauta inaipitisha. Atakayeandika "mteja ampigie simu mtoa huduma" hapati kitu hapa.

Yaliyobaki yanasemwa na hiyo 94. Kiungo cha Mbps 100 hakimpi mtumiaji 100 kamili. Kila fremu ya Etheneti inayobeba baiti 1,460 za data huchukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, ukijumlisha vichwa vya IP na TCP, vya fremu yenyewe, na mwanya unaoachwa kati ya fremu na fremu. Gawanya 1,460 kwa 1,538 upate 0.949. Kwa hiyo kipimo kinachogota kwenye 94 au 95 asubuhi, mchana na usiku kinakuambia kwamba mahali fulani kuna kiungo kilichofungwa kwenye 100. Msongamano wa mtoa huduma haukai palepale. Hupanda na kushuka.

Nyongeza ambayo watahini huipenda: je, kama simu nayo ingepima 94? Basi mshukiwa anahama. Sasa kagua kebo inayotoka kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani hadi kwenye rauta, na uangalie kama poti ya kuingizia intaneti ya rauta hiyo ni ya 100 tu. Rauta nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo.

Swali la 2. Eleza kwa nini kiungo cha gigabiti hushuka hadi 100 badala ya kukatika kabisa. (alama 4)

Jibu. Kebo ina nyaya nane katika jozi nne. Mbps 100 zinahitaji jozi mbili tu, pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne, kila moja ikipeleka na kupokea papo hapo. Waya wa buluu (pini 4) au wa kahawia (pini 8) ukikatika, pini za 100 bado ni nzima, na vifaa vingi vikishindwa gigabiti hushuka vyenyewe. Taa inawaka, intaneti ipo, mwenye nyumba hajui kitu. Kuthibitisha: kwenye Windows andika Get-NetAdapter ndani ya PowerShell usome LinkSpeed, kwenye Linux tumia ethtool. Ni kazi ya sekunde chache, nayo ndiyo ya kuanza nayo kila mara.

Swali la 3. Mteja analalamika: "Nimelipia 100, lakini faili linashuka kwa 11." Kokotoa. (alama 2)

Jibu. 94 ÷ 8 = 11.75. Analipia megabiti, programu inamwonyesha megabaiti. Hakuna hitilafu.

Swali la 4. Umefunga plagi mpya. Testa inawasha taa zote nane kwa mfuatano, lakini pakiti zinapotea na spidi inayumba. Umekosea nini? (alama 8)

Jibu. Umevunja jozi. Mpangilio wa T568B ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia jinsi kijani inavyoruka buluu mbili na kuangukia pini ya 6. Mwanagenzi huona kuruka huko hakuna maana, akapanga kila rangi na mwenzake, kisha akarudia hivyohivyo upande wa pili. Umeme unapita kutoka pini hadi pini, kwa hiyo testa ya kawaida, ambayo haipimi zaidi ya mwendelezo wa waya, inakupongeza.

Tatizo ni kwamba pini 3 na 6 hubeba ishara moja, na sasa waya mmoja umetoka jozi ya kijani na mwingine jozi ya buluu. Nyaya husokotwa pamoja ili kelele inayoingia iziguse zote mbili sawasawa na kifaa kiitoe. Zikitengana, kinga hiyo hakuna, na jozi jirani zinaingiliana. Kebo fupi ya mezani inaweza kukusitiri. Ya mita 30 itakuumbua. Kata ncha zote mbili ufunge upya, na usifumue msokoto zaidi ya milimita 13.

Swali la 5. Ping ni nzuri, lakini faili kubwa linasuasua vibaya sana. (alama 4)

Jibu. Upande mmoja umelazimishwa kwenye "100, njia mbili kwa pamoja", mwingine umeachwa uchague wenyewe. Unaochagua hutambua spidi lakini hautambui mtindo wa mazungumzo, hivyo hurudi kwenye zamu, kama redio za upepo za walinzi. Mmoja anangoja zamu, mwenzake hangoji, fremu zinagongana. Pakiti ndogo za ping hupenya, mzigo mkubwa ndio unaoumia. Rudisha pande zote kwenye otomatiki.

Swali la 6. LinkSpeed ni 1 Gbps, kebo ni nzima, bado tovuti ni nzito. Utatenganishaje nyumba na nje? (alama 5)

Jibu. Pima kompyuta mbili za ndani kwa iperf3. Ukipata karibu 940, nyumba haina kesi. Kisha pima kwa seva iliyo nchini, halafu ya Ulaya. Ya nchini ikiwa nzuri na ya mbali mbovu, huna cha kufungua hapo: Mei 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na Kenya zilipungukiwa intaneti, na hakuna plagi ya kubadilisha ambayo ingesaidia.

Swali la 7. Kweli au si kweli: ganda likiandikwa Cat6, kebo ni Cat6. (alama 2)

Jibu. Si kweli. Kwangua ncha ya waya. Ukiona rangi ya fedha chini ya shaba, ni alumini iliyopakwa shaba: ukinzani mkubwa zaidi, na hukatika kirahisi kwenye kona.

Swali la 8. Mteja mwenye kifurushi cha Mbps 50 ameuziwa wazo la kununua Cat8. Mshauri. (alama 3)

Jibu. Asinunue. Cat8 imetengenezewa Gbps 25 na 40 kwenye vituo vya data, mwisho mita 30. Cat5e ya shaba halisi hubeba gigabiti hadi mita 100, mara ishirini ya anachokilipia.