Miti ya Wanafunzi

Mwezi huu twataka kujifunza habari ya kazi ambayo wanafunzi wa siku hizi huitwa kuifanya, nayo ni kupanda miti shuleni. Wengi wetu tumeiona ikifanyika, lakini ni wachache waliouliza: Miti ile i wapi sasa?

Na tuanze kwetu wenyewe. Mwaka fulani tulialikwa katika shule moja kupanda miche pamoja na watoto. Hotuba zilisemwa, picha zikapigwa, nasi tukashika majembe kwa furaha. Kiangazi kilipokwisha tulirudi. Mbuzi walikuwa wamekula miche mingi, na mingine ilikauka ingali imefungwa katika mifuko yake ya nailoni, maana hakuna aliyewaambia watoto kwamba mfuko hutolewa kwanza. Mtoto mmoja alituonyesha shimo lake, akanyamaza. Tuliona haya, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa watu wazima siku ile.

Hata walio hodari wamepatwa na jambo hili. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai wa Kenya na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Mitano ikafa, miwili ikasimama. Mama huyu hakuiacha kazi. Akawafundisha wanawake wa vijijini kuotesha mbegu wenyewe, wakapewa malipo kidogo, si kwa mche uliopandwa, bali kwa mche uliodumu hai. Alipopewa Tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2004, miti yao ilikuwa imepita milioni 30. Na huku Tanzania, mwaka 1991, wanafunzi 12 walikusanyika Dar es Salaam nyumbani kwa Jane Goodall, yule mchunguzi wa sokwe wa Gombe, wakaeleza mambo yaliyowahuzunisha katika nchi yao. Ndipo kilipoanza chama cha vijana cha Roots & Shoots, ambacho sasa kimeenea katika nchi nyingi.

Sasa, mti hula nini? Watoto hujibu: udongo. Sivyo. Jani huvuta hewa ya ukaa, ile itokayo katika moto na katika mafuta ya magari, ambayo ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke. Mti huigeuza kuwa mwili wake: karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni iliyotoka hewani. Lakini mti ukichomwa, kaboni hurudi ilikotoka. Basi watoto wapandao miti Jumamosi, kisha wakachukua kuni kila asubuhi kwa ajili ya uji wa shule, wabomoa kwa mkono mmoja walichojenga kwa mwingine. Katika mafiga matatu sehemu kubwa ya moto hupotea kando. Jiko banifu la matofali, lenye bomba la moshi, pamoja na kuni zilizokauka vizuri, hupunguza mzigo huo, wala mpishi hatoki macho mekundu. Kwetu sisi, jiko hili ni chombo cha kupandia miti kama lilivyo jembe.

Tena mwalimu asiwaahidi watoto makuu. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu 1912, na miti ya shule haitairudisha. Itawapa kivuli, nayo itazuia udongo usichukuliwe na mvua, na hayo si madogo.

Mikaratusi hukua upesi, lakini hunywa maji mengi. Isipandwe karibu na chemchemi. Hapo wafaa mkuyu. Karibu na madarasa pandeni miparachichi, maana watoto hulinda wanachotumaini kukila. Chimbeni shimo kabla ya masika, udongo wa juu ukiwekwa kando urudishwe pamoja na samadi. Zungusheni miiba. Kila mche uwe na mtoto wake, naye awe wa darasa la tatu, si wa saba, kwa sababu wa saba ataondoka upesi. Na hesabu iandikwe katika daftari mwisho wa kiangazi, si siku ya wageni.

Shule ile ilianza tena kwa mashimo 40 tu. Yule mtoto alichagua mparachichi.