Tauni na Bonde Lenye Malisho

Huulizwa mara nyingi: ikiwa uhai na mauti vimo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, kwa nini mwenye kuamini ajikinge na ugonjwa? Swali hili si la vitabuni tu. Mwaka 2007 tauni ilizuka wilayani Mbulu. Na mtu akaaye Hirbadaw, nchi za Mbulu na Hanang zinapopakana, ana jamaa, mifugo na masoko pande zote mbili. Ikimfikia habari ya kuwa kijiji cha pili watu wanakufa, je, aende kuzika? Na ikizuka kwake, awachukue watoto akimbilie kwa shemeji?

Yafaa kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa wa watu. Kijidudu chake kilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha ya kuwa viroboto ndio wauenezao. Panya akifa mwili wake hupoa, viroboto humhama kutafuta damu nyingine; na kama panya huyo alikuwa akila mahindi yaliyowekwa darini, damu iliyo karibu ni ya watu waliolala chini yake. Ndiyo sababu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walitega panya huko Mbulu baada ya mzuko ule. Panya wafao ovyo, bila ya mtego wala sumu, ni mjumbe atanguliaye. Mwenye nyumba asiwashike kwa mkono mtupu, wala asinyamaze. Apeleke habari zahanati siku hiyo hiyo.

Aliyeumwa na kiroboto mwenye tauni hushikwa na homa kali kwa kawaida kati ya siku 1 na 7, na mtoki hufura kinenani, kwapani au shingoni. Pasipo dawa, aina hii huua watu 30 hadi 60 katika kila 100. Ikiingia mapafuni huambukiza kwa kikohozi, na asiyepata dawa mapema ni nadra kupona. Walakini streptomaisini na doksisaiklini, dawa zisizo ngeni katika hospitali zetu, huitibu ikiwahiwa. Basi afichaye mgonjwa kwa kuona haya humnyima dawa ambayo Mungu amekwisha kuijalia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Karibu mwaka 639 Sayyidna Umar r.a. alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika Sargh majemadari wake wakampa habari ya tauni iliyozuka huko. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamshauri arudi. Abu Ubaida r.a. hakuridhika, akauliza kama huku si kukimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kwa mfano ambao mchungaji wa Kibarbaig hahitaji kufasiriwa: mtu ameshuka na ngamia wake bondeni, upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu, popote achungapo ni kwa kadari ya Mungu, lakini je, atawapeleka kwenye ukavu? Ndipo Abdurrahman bin Auf r.a. akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume Mtukufu s.a.w., ya kuwa nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia.

Nusu ya pili ya amri hii ndiyo nzito. Kutoingia humlinda mtu nafsi yake. Kutotoka huwalinda wengine, kwani aliyemo hajui kama amekwisha kuumwa, na viroboto husafiri katika nguo na matandiko yake. Abu Ubaida mwenyewe alibaki Sham, akafa kwa tauni hiyo.

Wairaqw nao wana desturi ya zamani iitwayo metimani, ambayo kwayo nyumba iliyopatwa na misiba ya namna fulani hukaa mbali na jirani kwa muda. Waliogopa unajisi, si vijidudu. Hata hivyo mzee aliyekulia katika desturi hiyo huenda akaelewa upesi kuliko kijana wa mjini kwa nini nyumba ya mgonjwa hutengwa. Anajua pia uchungu wake. Aliyetengwa hahitaji mawaidha kwanza. Anahitaji maji, unga, na mtu wa kumchungia ng'ombe. Asipovipata, usiku atatoka. Kwa hiyo kijiji kiulizane mapema, panya wakiwa bado wazima, ni nani atakayeacha mtungi na gunia mlangoni pake kila asubuhi.