Mbwa wa Maabara Akija Kuishi Kwako: Vidokezo 7

Mwaka 2022, kwa idhini ya mahakama, mbwa karibu 4,000 wa aina ya beagle walitolewa kwenye kituo cha kampuni ya Envigo huko Cumberland, Virginia, walikokuwa wakizalishwa ili wauzwe kwa maabara. Familia za majimbo mengi ya Marekani zikajitokeza kuwachukua. Watafiti humpenda beagle kwa umbo lake dogo na upole wake, na sifa hizohizo ndizo zinazomfaa nyumbani. Ila nyumba hajawahi kuiona. Ukitaka kumlea mmoja, zingatia haya.

1. Pitia kwenye mashirika. Maabara nyingi hazimkabidhi mtu mnyama moja kwa moja. Mashirika kama Beagle Freedom Project la California huwapokea, huwatibu, kisha huwatafutia makazi. Sheria nazo zinasaidia: mwaka 2014 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuzitaka maabara zinazopata fedha za umma zitoe mbwa na paka wenye afya walelewe na watu majumbani, na majimbo mengine yakafuata.

2. Usimkwepe mzee. Wengi hukimbilia watoto wa mbwa. Mwaka huohuo wa 2022, Mwanamfalme Harry wa Uingereza na mkewe Meghan walimchukua Mamma Mia, beagle wa miaka 7 kutoka kituo hichohicho cha Virginia. Mbwa mzima tabia yake imeshajulikana, na mara nyingi ametulia kuliko mtoto. Omba rekodi za chanjo, uliza kama amehasiwa, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo akamtazame meno na masikio. Ukikuta namba imechorwa ndani ya sikio, usishtuke. Ndivyo alivyotambuliwa huko alikotoka.

3. Kagua uzio kabla hajafika. Siku za mwanzo ndizo za hatari. Mlango ukibamizwa tu, anachomoka mbio, na kwa kuwa hajui kwao ni wapi, hawezi kurudi. Mvalishe mkanda wa kifuani pamoja na wa shingoni, kila mmoja na kamba yake. Hata akishazoea, usimwachie huru barabarani: beagle akinusa harufu ya sungura, masikio yake huziba.

4. Usimwadhibu kwa haja. Maisha yake yote amejisaidia palepale alipolala. Mtoe nje kila akiamka na kila akimaliza kula, na akijisaidia nje mpe kitafunwa papo hapo. Akichafua ndani, futa, nyamaza. Ukimfokea atajifunza kukuogopa wewe, na sakafu ataendelea kuichafua.

5. Mwache aijue dunia kwa mwendo wake. Majani yatamtekenya nyayo, ngazi zitamshinda, televisheni itamtisha. Mpe chumba kimoja tulivu na pa kujificha. Usimkumbatie kwa nguvu wala usiwaalike majirani waje kumtazama. Keti sakafuni, mpe ubavu badala ya kumkodolea macho, umngoje aje mwenyewe. Huenda ikachukua siku chache, huenda miezi. Yote ni kawaida.

6. Mpe mwenzake. Mbwa wengi wa maabara wamekulia pamoja na mbwa wengine, na ni mbwa mwenzao wanayemwamini kwanza. Akimwona mbwa mwenyeji anapanda ngazi, analala kwenye kochi na kumkimbilia binadamu kwa furaha, naye hujaribu. Ndiyo maana baadhi ya mashirika hupendelea nyumba ambayo tayari ina mbwa mtulivu.

7. Nafasi ni ndogo? Kuna njia nyingine. Sungura na panya weupe nao hutafutiwa makazi. Panya huishi miaka 2 hadi 3 tu na hudhoofika akiwa peke yake, basi chukua wawili. Wale wenye macho mekundu waepushe na mwanga mkali. Sungura anaweza kufikisha miaka 10, na chakula chake kikuu ni nyasi kavu. Kama huwezi kumlea mnyama wa kudumu, jitolee kumtunza mmoja kwa muda hadi apate familia. Na kama jimbo unaloishi halina sheria kama ile ya Minnesota, mwandikie mbunge wako uidai. Wanyama wengi huuawa majaribio yanapokwisha, hata walio wazima kabisa. Hawa wametumika kwa ajili ya dawa tunazozimeza sisi, na miaka iliyowabakia ni haki yao.