MCHEZAJI, UNALALA VYA KUTOSHA?

Kijana wa miaka 14 hadi 17 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mtu mzima, usiopungua saa 7. Huko Stanford, Marekani, wachezaji 11 wa mpira wa kikapu waliongeza usingizi kwa wiki kadhaa. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2011: mbio na mitupo yao viliboreka.

Jipime hivi: kwa wiki 2, kila asubuhi, andika saa uliyolala, mara ulizoamka usiku, na kama umeamka na uchovu. Anayekoroma na kukatikiwa pumzi apeleke daftari lake kituo cha afya. Vilevile anayeamshwa na ndoto za vita vya Masisi au Rutshuru. Makocha, huyo si mvivu, msimtoe kwenye timu. Hapa Nkamira kimya ni haba, tunajua. Basi msiwaite mazoezini alfajiri.